Mwalimu Ketrina na Ukuta wa Tatu ya Tano

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Ketrina Mtafya anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Hisabati. Miaka ishirini na moja kati ya hiyo ameitumikia hapa hapa shuleni kwetu Tunduma, na yeye mwenyewe ameomba isemwe mbele ya wageni kwamba hiyo ni saba ya kumi na mbili ya utumishi wake wote. Tumehakiki. Ni kweli.

Kazi aliianza mwaka 1989 kwao Isongole, wilayani Ileje, kisha akahamishiwa Ruanda, Mbozi. Huko watoto wa wakulima wa kahawa walimpenda kwa kuwa hakuwa mtu wa viboko, na wazazi walimpenda kwa kuwa akialikwa chakula alitangaza kabisa ni sehemu gani ya sahani atakayoimaliza, na akaimaliza hiyo hiyo. Mwaka 2004 alimfuata Tunduma mumewe, Ndugu Jofrey Kibona, fundi wa malori, na tangu hapo amekuwa wetu.

Tunaofanya naye kazi tunajua kwamba kwa Mwalimu Ketrina kila kitu duniani kipo mahali fulani kati ya sifuri na moja. Chupa ya chai ya ofisini haijawahi kuwa na chai kidogo. Imebaki mbili ya tano. Tulipokwenda semina Vwawa, gari lilipoipita Mpemba aliinua kichwa kutoka usingizini, akatangaza kwamba safari imefika robo na ushee, akarudi kulala. Mwalimu mwenzetu Salum aliposema kikaoni kwamba ripoti yake iko karibu kwisha, alitakiwa aonyeshe karibu hiyo kwenye mstari. Salum alionyesha nusu. Mwalimu Ketrina akamtazama tu, na kidole cha Salum kikarudi nyuma chenyewe mpaka kwenye moja ya nane.

Watoto wa Tunduma si wa kuchezewa kwa hesabu za mtaani. Mtoto aliyetumwa robo kilo ya sukari anajua vizuri kwamba robo ni ndogo kuliko nusu, na muuza duka akijaribu kumpunja atalalamika kwa Kiswahili, na asiposikilizwa atalalamika kwa Kibemba cha ng'ambo ya mpaka. Mtoto huyo huyo ukimwandikia ubaoni 0.25 na 0.5 atakuambia 0.25 ndiyo kubwa, maana ishirini na tano ni nyingi na tano ni chache. Moja ya nane ataiweka mbele ya moja ya nne bila kupepesa macho, kwa sababu nane huizidi nne tangu enzi. Mwalimu Ketrina hakugombeza. Alisema namba hizo zimepewa vyeo visivyo vyao, na dawa ni kuzirudisha makwao, kila moja ikasimame inapokaa. Namba haina cheo, ina mahali: msemo huo sisi walimu tumeusikia mpaka tunauota.

Mstari wake wa kwanza wa namba ulikuwa kamba ya turubai aliyoletewa na mumewe kutoka gereji. Aliifunga kutoka nguzo ya bendera hadi dirisha la stoo, upande mmoja sifuri, upande wa pili moja, na watoto wakawa wanabana kadi za namba kwa vibanio vya nguo. Kamba hiyo ilikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni upepo wa kiangazi. Wa pili ni Mama Tukuswiga, mpishi wetu wa wakati huo, ambaye hakuona kwa nini kamba nzuri namna ile ikae bure Jumamosi nzima bila kuanikiwa nguo za walimu. Jumatatu moja Darasa la Tano walikuta suruali ya Mtaaluma, mwalimu wa taaluma, ikining'inia kwenye robo tatu. Mwalimu Ketrina hakuiondoa. Aliwauliza watoto suruali iko wapi; waliojibu kwamba iko kwenye kamba walikosa, waliojibu 0.75 walipata. Mtaaluma mwenyewe alipita akaulizwa, akakosa.

Baada ya hapo alihamia ukutani. Ukuta wenyewe mnauona hapo mbele yenu. Wazazi walianza kujenga darasa, wakamaliza ukuta mmoja mrefu, michango ikakauka, na darasa likabakia ukuta. Limesimama peke yake katikati ya uwanja, halina paa wala wenzake. Mwalimu Ketrina aliomba rangi iliyobaki kwenye kupaka ofisi, akachora mstari mmoja kutoka mwisho hadi mwisho, sifuri upande wa bendera na moja upande wa barabara, akawa anafundishia hapo, jua kwa mvua.

Sasa tuwaeleze wageni jambo ambalo bila hilo wasifu huu hauna miguu. Mwalimu Ketrina ni Mndali, na ameolewa katika nyumba ya Wandali wanaoshika mila. Katika nyumba hiyo mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamsalimii, hapiti mbele yake, halitaji jina lake. Si ugomvi hata kidogo. Ni heshima, tena ya juu. Mwandishi wa wasifu huu, Fauzia Abdulwahab, mwalimu wa Kiswahili, ametokea Pangani, ambako mkwe huheshimiwa sana lakini anaonekana, kwa hiyo alichukua muda kuelewa kwa nini mwenzake akiambiwa kuna mgeni getini hutoka kwa dirisha.

Baba mkwe huyo, Mzee Andongwisye Kibona, alikuwa akiishi Tunduma kwa mwanawe mkubwa, kaka yake Ndugu Jofrey, na wajukuu zake walisoma hapa. Mwaka 2010 wazazi, bila kujua wanamfanyia nini mwalimu wao, walimchagua kwa shangwe kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule.

Tangu siku hiyo Mwalimu Ketrina alifundisha sikio moja likiwa getini. Fimbo ya Mzee iliposikika kwenye kokoto, yeye alikwishafika nyuma ya vyoo. Kikao kimoja cha kamati kiliitishwa ghafla ofisini naye akiwa stoo, chumba chenye dirisha la nondo na mlango mmoja tu, unaofungukia ofisini humo humo. Alikisikiliza chote kati ya maboksi ya chaki na mipira isiyo na upepo, toka kufungua mpaka mengineyo. Alitoka na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, akasahihisha muhtasari wa katibu, ambaye alikuwa amekosea asilimia.

Mwaka 2012 kamati ikapata wazo. Ukuta ule ubomolewe, matofali yake yakajenge vibanda vya biashara upande wa barabara, na shule ipate kodi. Mzee Kibona aliliunga mkono kwa nguvu zote, akisema ukuta usio na nyumba ni aibu kwa mji mzima. Kwa Mwalimu Ketrina ukuta huo ndio ulikuwa kazi yake yote. Darasa la Tano walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuona kwa macho kwamba 0.25 iko nyuma ya 0.5, wangenyang'anywa ukuta wangerudi kwenye kitabu, na kitabu walikwishakikimbia. Mwalimu mwingine yeyote angemwendea Mwenyekiti akamwomba. Yeye alikuwa mwalimu pekee shuleni asiyeweza kumwambia neno. Alilia, na hatuoni haya kulisema, kwa sababu ni kilio cha mtu anayeipenda kazi yake.

Mwalimu Mkuu wa wakati huo, Mwalimu Dina, akatafuta njia. Siku ya mkutano wa wazazi, kabla ya kura, wazazi wenyewe waujaribu ukuta: kila mmoja achote kadi kwenye ndoo, akasimame kwenye namba yake. Mwenyekiti naye angekuwapo, kwa hiyo Mwalimu Ketrina angekaa nyuma ya ukuta, na maelekezo yake yangeletwa mbele na mwandishi wa wasifu huu, aliyeteuliwa kwa wepesi wa miguu na si kwa ujuzi wa hesabu.

Mambo yalianza vizuri. Mama mmoja mjane alichota moja ya kumi, akapelekwa karibu na sifuri. Fundi cherehani alichota mbili ya tano, akasimama kwake. Mzee Kibona akachota tatu ya tano. Watoto waliukunja uzi wenye urefu wa ukuta sehemu tano sawa, wakaweka alama, wakahesabu tatu, wakachora chaki chini, na Mzee akasimama hapo na fimbo yake. Akapendeza. Kisha Mzee Othmani, mwenye malori, akachota 0.6. Watoto wakaugawa ukuta ule ule kwa kumi, Mzee Othmani akahesabu sita kwa kujiamini, na alipoinua macho alijikuta kifua kwa kifua na Mwenyekiti.

Hapo mkutano ukachafuka, ila ukachafuka kwa adabu. Mzee Othmani, mtu mstaarabu, alirudi nyuma akiomba radhi. Wazazi wakasema mwalimu amekosea, maana namba mbili tofauti haziwezi kukaa mahali pamoja, wala watu wazima wawili hawawezi. Wengine wakasema ukuta ubomolewe hata kabla ya kura. Lakini kwanza likatafutwa suluhisho la heshima, nalo lilipatikana upesi: Mwenyekiti asogezwe upande wa moja, kama anavyostahili mtu wa umri wake. Makofi yakapigwa. Mzee akasindikizwa mpaka kwenye 0.8, kiti kikaletwa, akaketi. Mjane wa moja ya kumi akainua mkono, akaomba naye afikiriwe, kwa kuwa ana wajukuu wanne. Akafikiriwa, akapewa robo. Watoto wa Darasa la Tano walishika vichwa.

Mwandishi alipozunguka ukuta kupeleka habari, Mwalimu Ketrina alikwishasikia kila kitu. Upande wa nyuma haukuwa na mstari wala alama, tofali tupu. Alikuwa ameshika kipande cha tofali mkono mmoja na uzi mkono wa pili, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Akapima, akasimama, akaugonga ukuta mara tatu. Kwa upande wa mbele kishindo kilitokea mgongoni kwa fundi cherehani, ambaye aliruka. Kwa haraka na kwa hasira Mwalimu Ketrina alikuwa ameanza kuhesabia kushoto kwake kama alivyozoea, akasahau kwamba ukiwa nyuma ya ukuta sifuri iko mkono wa kulia. Ni kosa lake pekee la hesabu tunalolijua, na ameomba lisiandikwe.

Akaenda mpaka upande wa bendera, akaanza upya. Sehemu ya kumi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Akagonga. Kwa mbele mahali hapo palikuwa patupu, pana ile alama ya chaki tu, pale Mzee alipokuwa amesimama kabla ya kupandishwa cheo. Akagonga tena. Akaendelea, taratibu, kwa kupumzika katikati, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

Wazazi wakaugeukia ukuta. Mzee Kibona akauliza ni nani huyo anayegonga. Kila mtu alijua, na ilionekana usoni kwake kwamba naye amejua. Akakitazama kiti chake pale kwenye 0.8. Akaitazama ile alama. Kwa mzee wa umri ule, kurudi nyuma mbele ya watu waliokupigia makofi ukienda mbele si jambo dogo, na mwandishi, aliyekuwa amechungulia kwenye pembe ya ukuta, alikuwa na hakika kwamba hatarudi. Akainuka. Akakataa kubebewa kiti, akakiburuta mwenyewe mpaka kwenye tatu ya tano, akaketi, akaegemeza mgongo ukutani. Kishindo kilichofuata kilimpata katikati ya mabega. Mzee akainua fimbo, akaugonga ukuta mara moja, bila kugeuka.

Nyuma ya ukuta Mwalimu Ketrina akalitua tofali chini, akajifunika uso kwa kitenge chake. Katika miaka yote ya ndoa yake hilo lilikuwa jambo la kwanza kuambiwa na baba mkwe.

"Hapa ndipo," Mzee akawaambia wazazi. "Mimi nimehesabiwa kwa tano, mwenzangu huko kahesabu kwa kumi, na tumekutana. Sasa ukuta huu haubomolewi. Mkiubomoa, mimi na mkwe wangu tutaonana, na hilo haliwezekani."

Kura haikupigwa. Mzee Othmani alitundika kadi yake ya 0.6 kwenye msumari juu ya kichwa cha Mwenyekiti, akasema sasa ameelewa, kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Mjane alirudishwa kwenye moja ya kumi kwa nguvu ya hoja. Vibanda vya biashara vilikuja kujengwa kwenye kona ya geti, kwa matofali mengine, na kodi inalipwa.

Wiki iliyofuata Mwalimu Ketrina alichora mstari wa pili nyuma ya ukuta. Mbele zikakaa sehemu, nyuma zikakaa desimali, kila namba mgongo kwa mgongo na mwenzake: nusu na 0.5, robo tatu na 0.75, tatu ya tano na 0.6. Mtoto akiwa na wasiwasi anagonga, mwenzake wa upande wa pili anaitika, na wasioitikiana wanazunguka kuonana ana kwa ana ili mmoja akubali kosa. Mgeni mmoja aliyekuja kukagua alituandikia kwamba upande wa nyuma namba zimeandikwa kinyume. Watoto walimzungusha ukuta mpaka akakubali, au akachoka, hatukumuuliza. Walimu wamekuja kutoka Vwawa na Ileje kuutazama, na wawili wamekwenda kujenga wa kwao. Goodness, aliyekuwa Darasa la Tano siku ile ya mkutano, leo anafundisha Hisabati Ruanda, na amefika hapa asubuhi na mapema akiwa na uzi wake mfukoni.

Mzee Kibona aliongoza kamati mpaka mwaka 2018. Kila alipokuja kikaoni alipitia kwanza ukutani, akagonga kwenye tatu ya tano kwa fimbo, akasubiri. Mwalimu Ketrina alikuwa akiacha lolote analofanya, anakwenda nyuma, anaitika kwenye 0.6. Mzee alitikisa kichwa kukubali, akaingia ofisini. Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao, na sisi tulizoea hata tukawa hatusimamishi vipindi.

Mwezi uliopita Mzee alimtuma mwanawe, Ndugu Jofrey, kwa mwalimu wetu. Mzee sasa ana miaka themanini na minane na macho yanamwishia. Ndugu Jofrey alileta mtamba wa ng'ombe, zawadi ya kuufungua mwiko kama wazee wa nyumba hiyo wanavyokubaliana, na ujumbe mfupi kwamba anaomba kumwona mkwe wake usoni kabla giza halijafunga. Mwalimu Ketrina, ambaye ana jibu la kila kitu, aliomba wiki nzima ya kufikiri. Alikuja kazini, akafundisha, akarudi nyumbani. Chai iliisha ofisini na hakuna aliyetangaziwa imefika wapi. Aliogopa, na alituambia kwamba anaogopa. Mtu umemheshimu maisha yako yote kwa kutomtazama. Sasa utamtazama kwa macho gani? Siku ya nane alikubali.

Kwa hiyo wageni wetu msishangae viti kupangwa pande zote mbili za ukuta. Mzee Kibona ameketi mbele, kwenye tatu ya tano, na mwalimu wetu yuko nyuma pamoja na walimu wenzake. Zawadi zikishatolewa, Mwalimu Ketrina atainuka na kuzunguka. Mwalimu Mkuu wetu alikuwa ametandika vitenge upande wa sifuri, kwa bendera, ili picha zitoke vizuri na kwa kuwa ndio mwanzo wa mstari. Mstaafu amevihamisha vyote kwa mikono yake jana jioni, akavitandika upande wa barabara. "Nitapita upande wa moja," alisema. "Upande wa sifuri ni wa watu wanaoanza. Mimi na baba hatuanzi leo." Mnaombwa msipige vigelegele mpaka wote wawili wawe wamemaliza kusalimiana.

Mwalimu Ketrina, kwa watoto uliowatoa kwenye kubahatisha, kwa subira yako na sisi tuliokuwa wagumu kuliko watoto, kwa kila chai uliyoipima, tunasema ahsante sana. Mungu akupe afya huko kwenu Isongole unakorudi, mvua za wakati wake, wajukuu wa kusumbua na nyumba iliyojaa. Sasa inuka, mwalimu wetu, uzunguke taratibu. Baba anakungoja.